Mkimbizi Kenya: jinsi ya kupata wakili wa bure na kuweka maisha sawa, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mkimbizi na mwomba hifadhi aliye Kenya, hasa anayeishi Nairobi: Kayole, Githurai, Kasarani, Kawangware, Eastleigh. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wako Dadaab, kambi iliyofunguliwa 1991, na Kakuma, iliyofunguliwa 1992. Lakini karibu laki moja wanaishi mijini, bila mgao wa chakula, na ofisi ya shirika iko mbali, nauli ya kupanda matatu mara mbili au tatu. Hao ndio ninaowaandikia kwanza, kwa sababu ndio wanaokaa na tatizo la kisheria nyumbani hadi lioze.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: wakili hutafutwa mapema. Wengi hufika wakati mume ameshahukumiwa, siku za rufaa zimeisha, au mwenye nyumba ameshatoa vyombo nje na godoro limelowa mvua. Msaada wa bure upo na sheria ipo, ila vyote viwili vina tarehe. Fuata hatua hizi kwa mpangilio kadiri unavyoweza. Ukiwa na dharura, kwa mfano ndugu yako yuko seli sasa hivi, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5.

Hatua ya 1: Jiandikishe, na jina lako liwe moja kila mahali

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze mapema, ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Kama umechelewa, usijifiche ukidhani mlango umefungwa. Nenda ueleze kilichokuchelewesha, na ukiweza pitia kwanza kwa msaidizi wa kisheria akusaidie kupanga maelezo yako.

Anayeandikisha ni serikali, kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, ambayo kila mtu huiita DRS. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, husaidia, lakini kitambulisho hutoka serikalini. Wakimbizi wengi wa Nairobi waliandikishwa Shauri Moyo; wanaoingia siku hizi mara nyingi huelekezwa Dadaab au Kakuma. Ikiwa una sababu ya kubaki mjini, kwa mfano mtoto anatibiwa hospitali ya Kenyatta, au mtu aliyekutishia kwenu sasa yuko kambini, sababu hiyo iandikwe na iambatane na ushahidi: barua ya daktari, au namba ya OB uliyopewa na polisi ulipopiga ripoti. Sababu iliyosemwa kwa mdomo dirishani haiingii kwenye faili.

Sasa jina. Nakuomba usilipite hili haraka, maana nimeona familia zikihangaika miaka kwa ajili ya herufi mbili. Kwa mfano, Mkongomani huwa na majina matatu yenye mpangilio wake: jina, jina la pili, kisha la ubatizo. Karani wa Kenya amezoea mpangilio mwingine, naye anauliza, "Jina la baba?" Unamtajia jina la baba yako, ambalo halimo kwenye karatasi yako hata moja ya kwenu. Analiandika kama alivyolisikia: Nshobole inakuwa Shobole, Byamungu inakuwa Biamungu. Kitambulisho kinasema hivi, laini ya simu inasema vile, cheti cha shule cha mtoto kinasema kingine kabisa. Siku ya kufungua akaunti benki au ya kumwandikisha mtoto mtihani, mfumo unakataa.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika majina ya familia yote kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla ya kwenda, pamoja na tarehe za kuzaliwa, umpe karani karatasi hiyo mkononi. Kabla ya kuondoka dirishani, soma ulichopewa herufi kwa herufi, na kama kuna kosa liseme hapo hapo. Angalia pia tarehe: wasiojua tarehe zao huandikiwa 1 Januari, na hata wanaozijua hujikuta wameandikiwa hiyo wasiposema. Kwa mtoto ni jambo zito. Kijana wa miaka 16 aliyeandikwa kuwa na 19 atachukuliwa kama mtu mzima polisi na mahakamani.

Ukigundua kosa baadaye, usiende kutafuta kitambulisho kingine kwa jina jipya. Mwombe wakili wa shirika akuandikie hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, kisha uipeleke DRS na UNHCR wote warekebishe. Mtoto akizaliwa, mke akifika kutoka kambini, mtu akifariki: yote hayo lazima yaingie kwenye faili lenu. Faili la zamani lisilolingana na nyumba yako ya leo litakukwamisha siku usiyoitarajia.

Hatua ya 2: Hifadhi karatasi zako kana kwamba nyumba itaungua

Nyumba za mabati huungua kweli, na maji ya mvua huingia. Nunua bahasha ya plastiki yenye kifungo. Ndani weka karatasi ya kuandikishwa, pasi ya mwomba hifadhi au kitambulisho cha mkimbizi, barua zote za UNHCR na DRS, kadi za kliniki, vyeti vya shule, risiti za kodi ya nyumba, namba zote za OB. Toa nakala. Piga picha kila karatasi kwa simu, ujitumie kwenye barua pepe yako, na umpe nakala mtu mmoja unayemwamini ambaye haishi nyumba moja na wewe.

Ukitoka, beba kitambulisho cha asili, kwa sababu polisi wana haki ya kutaka kukiona, na fotokopi huleta ubishi. Zingine zibaki nyumbani. Ikipotea karatasi yoyote, nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo upige ripoti na upewe karatasi ya upotevu. Bila hiyo huwezi kuomba nyingine.

Andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kila karatasi, uanze kufuatilia upya wake miezi miwili au mitatu kabla. Foleni ni ndefu. Ukiwa na ushahidi kwamba uliomba mapema na unasubiri, wakili ana kitu cha kumwonyesha hakimu.

Hatua ya 3: Mahojiano, jibu, na siku 30 za rufaa

Kuandikishwa si kukubaliwa kuwa mkimbizi. Kuna mahojiano ambayo DRS itakuuliza kwa nini ulikimbia na kwa nini huwezi kurudi. Sheria inatoa siku 90 za kuamua; wengi husubiri zaidi ya hapo, wengine miaka.

Kabla ya mahojiano, kaa na msaidizi wa kisheria mpitie matukio yako kwa mpangilio wa muda. Usimezeshwe hadithi ya mtu mwingine. Mitaani kuna wanaouza hadithi, na maafisa wameshazisikia zote. Yako mwenyewe, hata kama ina mapengo, ina nguvu kuliko ya kununua. Kama hukumbuki tarehe, sema hukumbuki. Taja msimu, mavuno, sikukuu, umri wa mtoto wakati huo. Omba mkalimani wa lugha unayoiota usiku. Kiswahili cha Bukavu au Uvira si Kiswahili cha Nairobi, na Mbembe au Mnyamulenge mzee anaweza kuelewa nusu tu ya maswali huku akiitikia kwa heshima. Una haki pia ya kuomba afisa au mkalimani mwanamke kama kuna mambo huwezi kuyasema mbele ya mwanamume. Na kama mkalimani ni wa upande uliokukimbiza, sema kabla hamjaanza.

Ukipata barua ya kukataliwa, angalia tarehe uliyoipokea na uiandike juu ya bahasha. Kuanzia hapo una siku 30 za kukata rufaa kwenye kamati ya rufaa ya hadhi ya ukimbizi. Baada ya hapo kuna Mahakama Kuu. Peleka barua kwa wakili wiki hiyo hiyo. Rufaa nzuri hujibu sababu za kukataliwa moja baada ya nyingine, na hiyo si kazi ya usiku mmoja. Wakati rufaa inaendelea, karatasi yako ya mwomba hifadhi iendelee kuwa hai.

Hatua ya 4: Wakili wa bure yuko wapi

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi waziwazi miongoni mwa watu wanaostahili kusaidiwa na serikali, pamoja na mtu asiye na utaifa na mhanga wa usafirishaji haramu wa binadamu. Anayesimamia ni Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, NLAS. Kwa vitendo, wakimbizi wengi hupata wakili kupitia mashirika.

Kituo cha Sheria kilianza 1973 kikiwatetea maskini wa Nairobi, na kina mpango maalumu wa wakimbizi. Ni wao waliokwenda Mahakama Kuu serikali ilipotaka, mwishoni mwa 2012, kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini. Julai 2013 Jaji David Majanja alifuta agizo hilo. Kesi hiyo bado hutajwa na mawakili hadi leo. Refugee Consortium of Kenya, RCK, ilianzishwa 1998 na kazi yake ni wakimbizi tu: kesi za jinai, uandikishaji, ndoa na talaka, ulezi wa watoto, mikataba ya nyumba. Iko Nairobi, na pia Kakuma na Dadaab. Huko kambini utapata vilevile Norwegian Refugee Council, ambao wana watu wa ushauri wa karatasi na makazi.

Utakapokwenda, beba ile bahasha ya plastiki. Mara ya kwanza utaonana na afisa wa mapokezi au msaidizi wa kisheria, si wakili. Eleza tatizo moja, lile linalokuumiza zaidi, na sema tarehe iliyo mbele yako: "Kesi ni Jumatatu," "Rufaa inaisha tarehe 14." Tarehe ndiyo inayomfanya mtu ainuke kitini. Omba namba ya kesi yako na jina la anayeishughulikia.

Tangu mapema 2025, Marekani ilipokata misaada, mashirika mengi yamepunguza wafanyakazi na siku za kufungua. Piga simu kabla ya kutumia nauli. Na popote utakapoenda, UNHCR, DRS au shirika, huduma ni bure kuanzia fomu hadi wakili. Mtu anayekuomba pesa "ya kusogeza faili", hata akiwa na kitambulisho shingoni, anakuibia. Usilipe, andika jina, siku, mahali, umripoti.

Hatua ya 5: Ukikamatwa, au ndugu yako akikamatwa

Wanaokamatwa mara nyingi ni akina mama wanaotembeza vitenge nyumba kwa nyumba, vinyozi, vijana wanaorudi kazini usiku. Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, maelfu walikusanywa Eastleigh na mitaa mingine na kupelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa karatasi. Misako imekuwa midogo tangu hapo, lakini haijaisha.

Barabarani: simama, usikimbie, onyesha kitambulisho kwa utulivu. Usitoe pesa. Najua watu watakuambia mia mbili inamaliza kila kitu. Haimalizi, kesho anarudi na mwenzake, na wewe umeshafanya kosa jingine. Angalia namba kwenye sare ya askari na jina la kituo.

Kituoni: Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Kama saa hizo zimeishia nje ya saa za kazi au siku isiyo ya mahakama, ni siku ya mahakama inayofuata. Haki hizi ni za kila mtu aliye Kenya, si za raia peke yao. Omba kupiga simu moja. Namba za shirika la kisheria zikae kichwani au ziandikwe ndani ya mkanda, maana simu utanyang'anywa. Aliye nje apige simu kwa wakili kwanza, kisha aende kituoni na kitambulisho cha asili kama kilibaki nyumbani. Usisaini maandishi usiyoyaelewa.

Mahakamani ndipo watu wengi huanguka, na huanguka kwa sentensi moja. Karani anasoma shtaka kwa Kiswahili cha haraka: kwamba tarehe fulani, mtaa fulani, ulipatikana ukiwa nchini Kenya bila kibali. Kisha anauliza: "Ni kweli au si kweli?" Mama wa Kikongo anasikia tarehe ni ile, mtaa ni ule, yeye kweli alipatikana pale. Anajibu, "Ni kweli." Hakimu anaandika kwamba amekiri. Kosa la kuwa nchini kinyume cha sheria, chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, lina adhabu inayofika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili, na mara nyingi hukumu hufuatiwa na amri ya kurudishwa kwenu. Amri ya namna hiyo kwa mkimbizi inapingana na sheria inayokataza kumrudisha mtu kwenye hatari, lakini kuifuta baada ya kutolewa ni safari ndefu.

Kwa hiyo jifunze maneno haya, na wafundishe watu wa nyumbani kwako: "Mheshimiwa, si kweli. Mimi ni mkimbizi. Naomba wakili, na naomba mkalimani wa lugha yangu." Taja lugha. Katiba, kifungu cha 50, inakupa mkalimani bila malipo. Kama una karatasi ya kuandikishwa, hata iliyoisha muda, inyanyue juu hakimu aione, na umwombe DRS waulizwe kuhusu faili lako. Kesi ikiahirishwa, omba dhamana. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, chukua risiti uitunze kama pesa zenyewe, kwa kuwa kesi ikiisha fedha hizo hurudishwa kwa mwenye risiti. Na usikose siku hata moja ya kesi. Mwomba hifadhi aliyekosa siku hutolewa hati ya kukamatwa, na hapo hata wakili mzuri anaanzia nyuma.

Kama ulipigwa au ulinyang'anywa pesa, kuna IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi. Kupeleka malalamiko ni bure. Nenda hospitali kwanza ukatibiwe na uandikiwe majeraha.

Aliye kambini asafiri na pasi yake ya kutoka, iliyotolewa na DRS, hata kama anakwenda kumzika mtu. Eleza dharura uombe iharakishwe, lakini usiondoke bila hiyo.

Hatua ya 6: Watoto

Kila mtoto anayezaliwa Kenya ana haki ya kuandikishwa na kupata cheti cha kuzaliwa, wazazi wawe na karatasi gani. Cheti hicho hakimpi uraia wa Kenya. Uraia wa kuzaliwa hutoka kwa mzazi aliye raia. Lakini kinasema yeye ni nani, ana umri gani, na wazazi wake ni akina nani, na bila hicho atakwama shuleni.

Akizaliwa hospitali, usitoke bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, na usome jina la mtoto na lako kabla ya kuipokea. Akizaliwa nyumbani, nenda kwa chifu msaidizi wa eneo upewe karatasi hiyo. Fuatilia cheti ndani ya miezi 6. Ukipita hapo inakuwa uandikishaji wa kuchelewa, wenye ushahidi zaidi na safari zaidi.

Shule ya msingi ya serikali haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ni mkimbizi. Mwalimu mkuu akisitasita, rudi na barua ya shirika. Mara nyingi hiyo inatosha. Mtoto aliyekuja peke yake, au anayelelewa na jirani, lazima ajulikane na UNHCR na ofisi ya watoto ya serikali, hata kama jirani ni mwema. Ukiona mtoto anateswa au anaozwa, piga 116, ni bure.

Mwenye Diplôme d'État ya Kongo au shahada ya Bujumbura asiitupe. Mamlaka ya KNQA hutambua na kulinganisha vyeti vya nje. Utahitaji tafsiri iliyothibitishwa, na baadhi ya mashirika husaidia gharama. Kwa chuo kikuu, ulizia UNHCR kuhusu ufadhili wa DAFI.

Hatua ya 7: Kazi, biashara na pesa

Sheria ya 2021 inampa mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa haki ya kufanya kazi au biashara, peke yake au kwa kikundi. Kwa ajira, kibali chake huitwa Daraja M, nacho huombwa Uhamiaji pamoja na barua ya DRS na ya mwajiri. Anza na DRS, kwa sababu bila barua yao ombi halisogei. Kwa biashara ya duka, saluni au mashine ya kushona, unahitaji leseni ya kaunti; iombe kwa jina lako, si la rafiki Mkenya. Najua kwa nini watu hutumia jina la rafiki. Lakini siku mkigombana, au akifariki, duka ni lake na warithi wake, na wakili hana karatasi ya kushika.

Vivyo hivyo laini ya simu. Kitambulisho cha mkimbizi kinakubaliwa kusajili laini na M-Pesa. Akiba ya mwaka mzima kwenye laini ya mtu mwingine ni akiba yake kisheria. Kama namba yako haionekani kwenye mfumo dukani, omba jibu la maandishi au andika tarehe na duka, upeleke DRS wairekebishe. Namba ya mlipa kodi ya KRA pia hupatikana kwa kitambulisho hicho, na wafanyakazi wa Huduma Centre watakusaidia kuijaza.

Wateja huchukua vitenge kwa mkopo kisha hawalipi. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Ushahidi ni daftari lako lenye sahihi ya mteja na ujumbe wa simu. Mshahara ambao hukulipwa upeleke kwa afisa wa kazi wa serikali.

Kwa nyumba: omba risiti kila mwezi, au lipa kwa M-Pesa ili ibaki rekodi. Mwenye nyumba akifunga mlango wako na kufuli lake bila amri ya mahakama, piga picha, nenda kwa chifu, kisha shirika la kisheria. Mara nyingi barua moja ya wakili hufungua kufuli.

Hatua ya 8: Mwili na moyo

Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge, na nguo aliyovaa iwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Matibabu hayangoji polisi. Ripoti na P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, zifuate. Namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia usiku na mchana, bila malipo. Kama anayekupiga ni mume wako na faili la ukimbizi ni la familia, usivumilie ukiogopa kupoteza hadhi: omba kesi yako itenganishwe na yake. Hilo linawezekana, na hufanywa.

Kwa matibabu ya kawaida, kitambulisho cha mkimbizi hutumika kujiandikisha SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Wapo wanaolala na taa kwa sababu ya waliyoyaona Kivu au Bujumbura. Mashirika ya HIAS na Center for Victims of Torture yamekuwa na washauri nasaha Nairobi; piga simu kwanza. Nakusihi uende, hata kama nyumbani kwenu mambo haya huachiwa mchungaji. Anayepata usingizi hueleza mambo yake vizuri zaidi kwenye mahojiano, na watoto wake humwona akicheka tena.

Hatua ya 9: Kabla hujasaini kuondoka au kuacha hadhi

Kuhamishiwa nchi ya tatu huchaguliwa na UNHCR kwa watu wachache walio kwenye hatari kubwa, na hakuna fomu inayouzwa. Marekani ilisimamisha mpango wake Januari 2025, na tangu hapo matapeli wameongezeka, wakiahidi Kanada kwa malipo ya awali. Udhamini wa Kanada upo kweli, lakini mdhamini yuko Kanada na hatakuomba nauli kwa M-Pesa.

Kuna jambo jingine linalowahusu Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasudan Kusini. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake, ili atumie haki za kuishi na kufanya kazi chini ya mkataba wa Jumuiya. Kongo iliingia Jumuiya 2022, kwa hiyo nayo imo. Kwa mfanyabiashara asiye na tishio kwao, inaweza kuwa njia nzuri. Kwa aliyekimbia serikali yake, ni hatari, kwa maana atahitaji pasipoti kutoka kwa serikali hiyo hiyo, na atakuwa ameiacha kinga ya kutorudishwa. Neno la sheria ni hiari. Mtu yeyote akikuharakisha kusaini, mjibu kwamba unampelekea wakili karatasi kwanza, na uondoke nayo.

Wakili atakuuliza maswali matatu: kama unaogopa kuingia ubalozi wako, nani mwingine kwenye faili lako ataathirika, na utaishi kwa kibali gani siku ya kwanza baada ya kusaini. Yafikirie njiani kabla hujafika ofisini kwake, na mke au mume wako awepo kikaoni, maana jibu la tatu mara nyingi ndiye anayelijua.